Mapumziko ya Dakika Kumi na Tano

Nikisema nina subira sijisifu, natoa taarifa tu. Nimewahi kukwama mpakani siku nne na lori la vigae kwa sababu ya mhuri mmoja, na siku ya kuondoka nikamuuliza mwenye mhuri mtoto wake anaendeleaje shuleni. Kwa hiyo mchumba wangu aliponiambia, "Wikiendi tunakwenda ziwani kwa wazazi, tafadhali usinune," nilicheka hadi nikakohoa. Ninune? Mimi?

"Baba akikupenda, Jumapili anatutajia siku ya harusi. Asipokupenda, tutasubiri mpaka meno yatutoke."

"Na huko tunakwenda kufanya nini?"

"Mapumziko."

Neno tamu hilo. Nilikuwa nimekaa barabarani siku kumi na tisa, mgongo umechukua umbo la kiti, macho mekundu kama taa za breki. Nikajiona kibarazani, maji yanapiga mawe, nami nakoroma kwa heshima.

Kosa langu ni kwamba sikuuliza mzee alifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Mwalimu wa michezo, miaka thelathini na moja! Kwa mtu wa namna hiyo mapumziko si usingizi. Ni kile kipindi kati ya somo na somo. Kina mwanzo, kina mwisho, na kina filimbi.

Jumamosi asubuhi filimbi ilikuwa inaning'inia shingoni mwake, na ratiba imebandikwa kwenye mlango wa friji. Saa moja mazoezi ya viungo. Saa mbili chai. Saa mbili na nusu kutembea kandokando ya ziwa. Saa nne, mapumziko, dakika kumi na tano.

"Baba," nikasema kwa adabu zangu zote, "hizi dakika haziongezeki?"

"Zikiongezeka, mwanangu, huo ni utoro."

Mama mkwe alikuwa anamimina chai. Nikamhurumia. Mama wa watu, ameshazoea.

Tukafanya mazoezi ya viungo. Tukatembea. Nilipoona benchi linaloangalia maji nikakaa, filimbi ikalia. "Benchi hilo ni la wakati wa kurudi!" Saa nne nikajinyoosha kwenye mkeka, na jicho la pili lilipofumba tu, priii! Kupiga makasia. Mzee akakaa nyuma ya mtumbwi anahesabu moja, mbili. Mwenye makasia ni mimi. Mchumba wangu ananikonyeza: tabasamu. Nikatabasamu hadi mashavu yakafa ganzi.

Baada ya chakula mama akatuaga, anakwenda kumjulia hali jirani. Nami nikaanza kusinzia palepale mezani.

"Saa nane!" mzee akasema. "Makasia, awamu ya pili!"

"Nikachukue maboya stoo, Baba," nikasema, nikakimbia.

Stoo iko nyuma ya nyumba, nusu giza, inanuka nyavu za zamani. Nikafunga mlango, nikajitupa juu ya rundo la maboya. Yakanipokea kama mama mzazi. Lakini usingizi gani utakuja, na filimbi bado inalia kichwani? Nikasimama. Nikashika kiuno, nikatoa tumbo mbele kama mzee.

"Kijana! Unapumzika vibaya! Kidevu juu! Nani alikufundisha kulala? Na ndoa yenu ni dakika kumi na tano, zikizidi ni utoro!" Halafu nikarudi kwenye sauti yangu mwenyewe: "Mzee Filimbi, Mungu akujalie uimeze hiyo filimbi, uwe unailiza kila ukikohoa!"

Kwenye kona, nyuma ya magodoro, kitu kikasogea. Ukainuka mto, tena mto mzuri wenye foronya iliyopigwa pasi. Nyuma ya mto, mama mkwe, nywele zimelala upande mmoja.

Akanitazama kutoka kidevuni hadi viatuni. Nikashusha mikono kiunoni, nikarudisha tumbo mahali pake.

"Hapo kwenye 'vibaya'," akanong'ona, "huwa anavuta zaidi. Vibaaaya."

Nje filimbi ikalia, na nyayo zikawa zinakuja mlangoni.

"Mama, naomba..."

"Chukua maboya yako utoke," akasema, anajilaza tena. "Na ukimwambia niko humu, harusi huna."