Swali la Akpene Juu ya Selulosi

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifundisha biolojia madarasa ya jioni ya watu wazima mjini Hohoe. Aliyewazidi wote umri alikuwa Akpene, bibi wa wajukuu wawili, mkaangaji wa unga wa muhogo wa kuuza. Hakuwahi kukosa somo.

Jioni moja nilieleza kwamba wanga ulio ndani ya muhogo, na selulosi inayojenga kuta za seli za mimea, vyote ni chembe za glukosi zilizoungana kuwa minyororo mirefu. Akpene akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama vyote ni sukari ileile, mbona mbuzi anashiba nyasi, nami nikizila nitakufa njaa?"

Sikujua. Kusema sijui kukanishinda.

"Mama, hilo kamuulize mbuzi wako."

Darasa zima likacheka. Akpene akafunga daftari lake taratibu. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Nilipolipata jibu kitabuni uso uliniwaka. Mama yule alikuwa ameuliza kiini cha somo lote. Jumamosi nikamfuata kwake, nikamkuta anageuza unga kwenye karai, moshi unamliza.

"Mama, kwenye wanga, glukosi zote zimeelekea upande mmoja. Kwenye selulosi, moja imesimama, inayofuata imepinduliwa. Vimeng'enya vyetu haviwezi kukata kiungo cha namna hiyo. Mbuzi ana vijidudu tumboni vinavyomkatia. Nisamehe. Sikujua, ndiyo maana nikakudhihaki."

Hakuacha kugeuza. "Umenivua nguo sokoni, mwanangu, halafu unakuja kunivisha jikoni?"

Nikarudi nyumbani nikitazama vidole vya miguu yangu.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa. "Mama Akpene aliniuliza swali, sikujua jibu. Nikamfanyia mzaha ili nifiche ujinga wangu."

Kisha fundi cherehani mmoja akasema, "Na sisi tulicheka, Mwalimu." Nadhani ndiye aliyempelekea Akpene habari za kukiri kwangu.

Jumatano Akpene aliingia somo limeshaanza, akaketi mwisho kabisa. Sikuthubutu kumtazama. Nikaendelea na glaikojeni, akiba ya glukosi ambayo miili yetu huitunza kwenye ini na misuli, nikizungumza na ubao.

"Mwalimu," akasema, "paza sauti. Huku nyuma hatusikii."