Shamba la Generosa Lashuka Barabarani

Jumamosi hiyo Generosa alipanda mlimani Kasokola kung'oa magugu kwenye kuta za mawe, akakuta ukuta wa juu ya shamba lake haupo. Kuta hizo babu zao walizijenga kwa viboko vya mkoloni, mvua isichukue udongo. Kwa kuwa ziliuzuia kweli, wanakijiji waliendelea kuzitunza bila kuamriwa na mtu.

Mawe aliyakuta bondeni, kando ya barabara ya Mpanda. Anselmo, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akiyajengea jukwaa la Siku ya Hifadhi ya Udongo.

"Mwenyekiti, mvua hiyo inakuja. Shamba langu litashuka."

"Sasa mama, mgeni rasmi asimame wapi? Kwenye matope?"

Asubuhi ya sherehe mvua ilinyesha, na shamba likashuka. Halikumomonyoka, lilishuka zima zima, taratibu, mahindi yamesimama kwenye mistari yake, nyumba katikati, na Generosa nje akisonga ugali. Alishikilia sufuria isipinduke. Alipopita kwa jirani yake Ponsian walisalimiana.

"Unashuka?"

"Nashuka. Niangalizie mbuzi, amebaki juu."

Shamba lilisimama mbele ya jukwaa, katikati ya hotuba. Mgeni rasmi alipiga makofi. Alisema vijiji vingine humtembeza juani kutwa nzima. Hiki kimemletea shamba la mfano miguuni.

"Mzee, umesimama juu ya ukuta wangu," Generosa alimwambia. "Naomba mawe yangu."

Watu walicheka kwa adabu. Anselmo akamnong'oneza kwamba jukwaa sasa ni mali ya serikali, tena ashukuru, amepata shamba la barabarani.

Generosa hakushukuru. Aliutazama mlima pale shamba lilipokuwa, wekundu mtupu, akaona aibu kama vile umevuliwa nguo mbele ya wageni.

Wiki iliyofuata lilishuka la Ponsian, kisha mengine. Anselmo alisimama barabarani na filimbi akiyaelekeza: hili kushoto, lile lirudi nyuma kidogo, magari ya wageni yapate pa kuegesha. Mwakani wageni wangekuwa wengi zaidi, kwa hiyo aliagiza jukwaa lipanuliwe kwa mawe ya kuta zilizobaki mlimani.

Generosa aliuwahi ukuta wa mwisho, akaukalia.

Mgambo walifika na mkokoteni. "Shikamoo, mama," walimwamkia, wakaanza kubomoa kutokea pembeni.