Kufutwa Kazi kwa Maombi

Jamani, kuna watu wanaoogopa mbwa, na kuna wanaoogopa maneno. Mwongeli, msimamizi wa karakana ya kushona yunifomu kule Gatina, Kawangware, aliogopa maneno. Mwezi mzima Gichuru, mwenye karakana, alikuwa akimwambia, "Ongea na huyo mzee, apumzike. Si wewe ndiye msimamizi?"

Mzee mwenyewe ni Mutinda, mkata vitambaa, aliyetembea kila asubuhi kutoka Soweto West, Kibera. Ndiye aliyemfundisha Mwongeli kushika makasi alipofika kutoka Kitui hajui hata kutunga uzi. Sasa macho ya mzee yalikuwa yamemwishia. Anakata kola, upande mmoja mpana, mwingine mwembamba. Mwongeli alizificha chini ya meza, akazikata upya mzee akishaondoka, akanyamaza. Alijiambia ni heshima. Heshima gani? Ulikuwa woga mtupu.

Pale karakanani siku huanza kwa maombi, mafundi wote wamesimama kando ya cherehani zao. Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya Mwongeli. Alifumba macho, akapata ujasiri ambao hakuwahi kuwa nao akiwa ameyafumbua.

"Baba," akasema, "tunakushukuru kwa mtumishi wako Mutinda. Macho yake yamechoka, Bwana, wewe unajua. Leo anapofanya kazi yake ya mwisho hapa, mpe mapumziko mema."

Ati mtu anafutwa kazi kwa maombi! Sasa mzee ajibu nini, abishane na Mungu? Alisema, "Amina." Mwongeli alipofumbua macho, mafundi wote walikuwa wamefumbua yao zamani. Mzee Mutinda alivua futi ya kupimia shingoni, akaikunja polepole, akatoka bila kuaga.

Jumapili baada ya kanisa, Mwongeli alienda Soweto West. Alimkuta mzee ameketi mlangoni peke yake.

"Mzee, ni mimi, Mwongeli."

"Sauti naijua. Keti."

"Nimekuja kuomba msamaha. Ningekuita kando nikuambie. Niliogopa."

"Kazi nilijua imeisha," mzee akasema. "Tangu Pasaka sioni alama za chaki. Nilikuwa nangoja tu uniite, tunywe chai, uniambie, mzee, imetosha. Ningekubali. Hata ningekushukuru."

Mwongeli alilia bila kujificha, na mzee akamwacha alie.

"Sasa niambie kitu kimoja, na usinizungushe. Wakati nilisema Amina, hao watu walikuwa wamefumba macho, ama walikuwa wananiangalia? Mimi sikuona."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, wa kumfariji. Mwongeli aliumeza.

"Walikuwa wanakuangalia, mzee," akasema. "Wote."

Mzee Mutinda alifunika uso kwa viganja vyake. Mwongeli hakuondoka.