Mzee Bushiri Alikwenda Kuzika

Majaji wengine huponzwa na rushwa, wengine na woga. Jaji Kasmir aliponzwa na huruma, tena huruma ya asubuhi moja tu. Mimi Winifrida, karani wake kwa miaka kumi na minne, nilikuwepo, kwa hiyo asinidanganye mtu.

Alianza uhakimu wa mahakama ya mwanzo huko Songea, akapanda ngazi moja moja mpaka akavaa joho jekundu la ujaji hapa Dar es Salaam. Ruksa ya biashara huria ilipokuja, wenzake waliacha kazi wakawa mawakili wa waagizaji wa mitumba na redio za Dubai. Yeye alibaki na gari bovu na kalamu yake, akiandika ushahidi wote kwa mkono. Nilikuwa namtania, "Mheshimiwa, wenzako wanajenga Mbezi." Ananijibu, "Mimi nitazikwa Songea, Winifrida. Mbezi ya nini?"

Mwaka 1991 ikaja kesi ya Beno, kijana wa Masasi, mbeba mizigo wa Kariakoo aliyekuwa akishusha marobota ya mitumba yaliyotoka bandarini. Mlinzi wa stoo moja ya Mtaa wa Msimbazi aliuawa kwa nondo saa saba mchana, na watu wawili wakasema walimwona Beno akitoka humo. Kosa hilo adhabu yake ni moja, kunyongwa.

Wa kumwokoa alikuwa mtu mmoja tu: Mboni, mama ntilie wa mtaa wa Gerezani, aliyesema saa hiyo Beno alikuwa kibandani kwake anakula. Lakini Mboni alikuwa anakohoa damu. Kaka yake alishakuja kumchukua, na alfajiri iliyofuata ushahidi wake walikuwa wapande basi kurudi Newala. Kila aliyemtazama alijua kwamba hatarudi tena.

Siku hizo jaji hakusikiliza kesi ya mauaji peke yake. Alikaa na wazee wa baraza watatu, raia wa kawaida, na mwishoni kila mmoja alitoa maoni yake. Mmoja wao alikuwa Mzee Bushiri, muuza viungo wa sokoni. Siku ile ya ushahidi, Mboni akiwa anasubiri nje, Mzee Bushiri akasimama.

"Mheshimiwa Jaji, nimeletewa habari sasa hivi. Dada yangu kafariki. Tunazika Kisutu baada ya alasiri."

"Nenda mzee, nenda ukazike. Poleni sana."

Jaji akaendelea na wazee wawili waliobaki, kama sheria inavyoruhusu. Mboni akasema yote, mikono imeng'ang'ania kizimba, na Jaji akaandika.

Kesho yake asubuhi, Mzee Bushiri huyo! Kanzu ileile ya jana, pindo lina udongo wa makaburini, kaacha matanga aje kwenye kazi ya serikali. Sheria inasema mzee aliyekosa kumsikia shahidi mmoja harudi kitini. Nilimfuata Jaji chemba, ofisini kwake, nikamkumbusha. Akavua miwani.

"Mtu katoka kuzika, Winifrida. Nimwambie rudi nyumbani, hutakiwi?"

Nikanyamaza. Mimi na mdomo wangu huu wote, siku ile nikanyamaza, na mpaka leo sijajisamehe.

Wazee wote watatu walisema Beno hana hatia. Jaji akamwachia huru, na Mzee Bushiri akalia mbele za watu bila kuona haya.

Upande wa serikali ukakata rufani. Majaji wa rufani hawakugusa hata habari za nondo. Walisema mzee mmoja katoa maoni bila kusikia mashahidi wote, kwa hiyo kesi nzima ni batili, ianze upya kwa jaji mwingine. Beno alikamatwa kwenye geti la bandari, akiwa kazini. Wakati huo Mboni alishazikwa Newala miezi saba nyuma.

Kesi ya pili ilipoanza, Jaji Kasmir alikuwa amestaafu. Alikuja akakaa benchi la nyuma na wananchi. Beno alimwona, akamnyooshea kidole.

"Muulizeni mzee yule! Mama Mboni aliyasema, yeye mwenyewe kayaandika!"

Jaji mpya akamwambia kwa upole kwamba kisheria maandishi yale hayapo. Hayapo! Nilikuwa nimeyafungia kabatini kwa mkono wangu, chumba cha pili kutoka pale. Wazee wapya walisikia mashahidi wawili waliomwona Beno akitoka, basi. Akahukumiwa kunyongwa mpaka afe.

"Bushiri hajui lolote," Jaji aliniambia tukiwa nje. "Lazima asikie kwangu." Tukaenda kwa miguu mpaka sokoni. Mzee Bushiri alituona tangu mbali, akaacha iliki zake kwenye mizani.

"Shikamoo mzee," Jaji akasema.

"Marahaba, Jaji wangu!" Akamshika mkono, akawaita majirani zake. "Njooni mumwone! Mimi na huyu ndio tuliomwokoa yule mtoto wa watu. Nilitoka kumzika dada yangu, nikaenda. Kila nikisali namwombea dada apate thawabu zile."

Kisha akamgeukia Jaji.

"Na kijana wetu, hajambo?"

Miaka thelathini na miwili Jaji alikuwa akiwaapisha watu waseme kweli tupu.

"Hajambo, mzee," akasema. "Anakusalimu."