Sala Moja ya Kipa Wanis

Wanis Besada alikuwa na sala moja tu ya uwanjani, na timu nzima tuliijua. Kabla ya kila kipindi alishika mlingoti wa lango kwa mkono wa kulia, wenye chale ya msalaba kwenye kifundo, akasema, "Bwana, usiupitishe." Basi. Mpira usipite. Kwa miaka kumi na tatu aliisema hivyo, bila kuongeza neno wala kupunguza.

Mimi ni Nasim, muuguzi wa zahanati hapa Mallawi, na siku za mechi ndimi ninayewafunga bandeji wachezaji. Magoti ya Wanis nayajua kuliko yangu. Alikuwa na miaka thelathini na sita, akishinda kutwa kwenye kiwanda cha unga akibeba magunia, na jioni alikuja mazoezini magoti yamevimba kama mikate.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya pili ya Ramadhani, na sisi Wakristo tulikuwa wiki ya tatu ya Mfungo Mkuu kabla ya Pasaka. Tulikuwa tunaburuza mkia kwenye msimamo wa ligi. Sayyid, beki wetu wa kati, alikaa chini kwenye chumba cha kubadilishia nguo, midomo imemkauka.

"Leo uwanja mzima una njaa," akasema. "Aliyekula ni refa peke yake. Wanis, mwambie Mola wako atuonee huruma, sisi wetu tumeshamwambia."

"Ni mmoja, Sayyid."

"Haya, basi asisikie mara mbili akatuona wasumbufu."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wasio na mate.

Hadi dakika ya themanini hakuna aliyefunga. Wageni walitoka mji ulio kaskazini mwetu, na mshambuliaji wao, Hamdi, kijana wa miaka ishirini na mbili, ndiye pekee uwanjani aliyekuwa bado anakimbia. Ukapigwa mpira mrefu juu ya Sayyid. Hamdi akaufuata. Wanis akatoka langoni, akaruka, akaupiga ngumi. Ulitoka nje. Lakini goti lake lilimpata Hamdi pembeni mwa kichwa, na sauti ile niliisikia nikiwa kwenye benchi.

Nilikimbia. Kijana alikuwa amelegea, macho nusu wazi, anakoroma. Nikamwinua taya apate pumzi, nikawaita wa machela. Huku nyuma mashabiki wetu walikuwa wanaimba, "Haukupita! Haukupita!" Hawakuwa wameona, au hawakutaka kuona. Refa hakutoa kadi. Alisema Wanis alicheza mpira kwanza, na kweli aliucheza kwanza. Mechi iliisha bila bao.

Baadaye wote waliondoka kuwahi futari. Wanis akabaki kwenye benchi ya chumba cha kubadilishia nguo, glovu bado mikononi.

"Amu Nasim, niliomba usipite. Haukupita."

"Kipa akiruka huinua goti. Ndivyo mlivyofundishwa wote."

"Nilikiona kichwa chake." Hakuniangalia. "Nilikuwa na nafasi ya kulishusha. Nikalifikiria bao, sikulishusha."

Nikamvua glovu moja baada ya nyingine, kama mgonjwa.

Hamdi alilazwa hospitalini Minya, hajitambui. Siku ya pili tulipanda treni pamoja, mimi na Wanis. Kwenye ukumbi wa hospitali kaka yake Hamdi alimtambua kabla hatujauliza mlango.

"Ndiye huyu! Umekuja kuhakikisha? Ingia basi, kamalizie!"

"Nyamaza, Ashraf," akasema mama mmoja aliyeketi kwenye benchi, nguo nyeusi, viatu amevivua kwa uchovu. Akamtazama Wanis kutoka juu hadi chini. "Wewe ndiye kipa?"

"Ndimi, mama."

"Umekula?"

"Nimefunga."

"Na mimi nimefunga. Kaa, tungoje."

Tukakaa. Jua lilipozama watu waligawiana tende. Mama Hamdi alimpa Wanis tatu, kisha akafungua mkate wenye jibini, akasita. "Nyie kwenye mfungo wenu hamli nini?"

"Chochote cha mnyama, mama. Usijisumbue."

Kesho yake alileta maharage yasiyo na samli, na limau pembeni. Nalijua hilo kwa sababu Wanis aliniambia. Alikuwa akienda kila siku akitoka kiwandani, bado ana unga masikioni. Alimchotea maji yule mama, alimsimamia foleni ya dawa, wakati mwingine walisinzia wote wawili kwenye benchi ileile, Ashraf akiwakodolea macho kutoka upande wa pili.

Siku ya nne yule mama akamwambia, "Wanasema uwanjani unaomba sana. Muombee mwanangu."

Wanis hakuweza. Alinisimulia hayo kwenye zahanati, nikimtoa maji gotini. "Kila nikifungua mdomo, Amu, linatoka lilelile: usiupitishe. Sina jingine. Miaka yote hii nimesimama mbele ya Mungu na neno moja, kama mtu anayegonga duka akitaka sigara."

Nikamshauri aende kwa Abuna Tadros, padri wetu. Akaenda. Abuna alikuwa ametoka kuongoza ibada tatu mfululizo na kuzika mtu, na Wanis alimkuta ameegemea ukuta wa madhabahu amefumba macho.

"Abuna, Mungu alinijibu kwa kichwa cha mtu?"

"Hapana," akasema Abuna. "Goti ni lako. Usimtwike yeye."

"Basi nifanye nini?"

Abuna akainamisha kichwa, hadi Wanis akadhani amelala. "Unamchotea maji yule mama?"

"Ndiyo."

"Endelea kuchota. Na mimi niache nikae hapa kidogo, mwanangu, miguu inaniuma."

Siku ya saba Hamdi akafumbua macho. Mkono wa kushoto haukumtii, na jicho la upande huo liliona ukungu mtupu. Daktari alisema ataishi, na mpira asahau. Siku tatu baadaye, alipoweza kuzungumza vizuri, Wanis aliomba aingie. Alisimama mwisho wa kitanda, mama akiwa dirishani.

"Nilikiona kichwa chako," akamwambia. "Watu watakwambia ilikuwa ajali. Mimi nilikiona, sikushusha goti."

Mama Hamdi aligeuka. Hamdi alimtazama kwa lile jicho zima hadi Wanis akatamani atukanwe.

"Leo ondoka," Hamdi akasema. "Na kesho usije."

Wanis akatoka. Alifika ngazini, mama akamfuata akiburuza viatu.

"Ulikuwa unajua siku zote hizi? Unakula futari yangu, unajua?"

"Nilijua, mama."

Akamtazama. Alikuwa amechoka mno kukasirika, au hasira yake ilikuwa imelala na hakutaka kuiamsha. "Amesema kesho," akasema hatimaye. "Hakusema keshokutwa."

Kwa hiyo Wanis akaenda keshokutwa.

Uwanjani alirudi kwa sababu kocha alimsihi. Tulibakiza mechi nne. Alishika mlingoti kama kawaida, lakini mdomo ulikuwa umefungwa. Kila mshambuliaji akimkaribia, aliruka na magoti yake chini, amejikunja, na mipira ikapita. Mabao saba katika mechi nne. Tukashuka daraja. Wale wale walioimba siku ile wakamrushia maganda ya machungwa. Sayyid alitaka kuwafuata jukwaani, Wanis akamshika fulana. "Waache, twende nyumbani."

Hamdi aliruhusiwa kurudi kwao baada ya Idi. Nilikwenda mara moja kumwonyesha mazoezi ya mkono: kubana mpira mdogo, kuudaka, kuuachia. Wanis ndiye aliyekuwa akimrushia uani, mara tatu kwa wiki. Siku ile nilipokuwepo ilikuwa wiki ya Pasaka yetu, jua kali, kuku wanapita kati yao. Mpira ulimtoka Hamdi kila mara.

"Unarusha kama shangazi yangu," Hamdi akasema.

"Shangazi yako angekuwa ameshakudakisha."

"Tena."

Ukaanguka. Hamdi akautukana mkono wake kwa maneno ambayo mama yake aliyasikia hadi jikoni. Kisha akakaa kwenye gogo, jasho linamtiririka.

"Mama anasema alikuomba uniombee, ukashindwa."

"Kweli."

"Bado unashindwa?"

"Sijui. Sijajaribu tena."

"Jaribu sasa. Kwa sauti, nikusikie."

Ashraf alikuwa mlangoni na gilasi za chai, akasimama. Wanis akachuchumaa kwa shida, goti moja likalia. Alikaa hivyo, ule mpira mdogo mkononi. Mimi nilianza kuona aibu kwa niaba yake.

"Bwana," akasema. "Huyu ni Hamdi. Mkono wake wa kushoto."

Tukangoja.

"Ndiyo hiyo tu?" Hamdi akauliza.

"Ndiyo hiyo tu. Nimechoka."

"Amina, basi," akasema Hamdi, akanyoosha ule mkono. "Rusha."

Ashraf akaweka chai chini, akampa Wanis gilasi ya kwanza, bila kumtazama.

Kufikia vuli mkono ulikuwa unashika kikombe, ingawa kifungo cha shati bado kiliushinda. Jicho halikurudi. Wanis hakusaini tena na klabu yoyote. Siku hizi akija zahanati nimtoe maji gotini, husinzia kitini kabla sijamaliza, nami humwacha alale.