Shikamoo ya Saa Kumi na Mbili

Saa nne asubuhi ya Jumanne Costancia Yeremia alikuwa amepiga magoti nyuma ya kaunta ya mapokezi, katika nyumba ya wageni ya mzee Danieli pale Mikumi, kando ya barabara ya kwenda Iringa, akichomeka kidude cheupe kwenye soketi. Kebo ilitoka kwenye kidude ikaingia kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: kompyuta inatuma maagizo kupitia nyaya zilezile za umeme zilizomo ukutani, hakuna kuchimba ukuta wala kuvuta waya mpya, na kila taa imefungiwa kidude chake chenye namba. Mtu wa mapokezi anakaa kitini, anabonyeza, na taa ya chumba namba saba inazimika hata kama dereva wa lori ameondoka alfajiri akaiacha inawaka. Mzee Danieli alikuwa amechoshwa na madereva wa malori.

Costancia hakumpenda mzee Danieli. Tuseme kweli, alimchukia, tena kwa chuki ya miaka ishirini na miwili. Asubuhi ile alikuja nayo kama alivyokuja na bisibisi na testa, wala hakuhangaika kuificha. Danieli aliliona hilo na hakujali, maana hapo Mikumi hakukuwa na fundi mwingine aliyeijua kazi hii.

Nyaya za nyumba ile alizitandaza baba yake, Yeremia, fundi aliyetoka Lumuma. Yeremia alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kupanda darini alizima meni swichi, kisha akaitundikia kofia yake. Vibarua wote walijua: kofia ikiwa pale, mkono wa mtu haugusi. Siku mbili kabla ya nyumba kufunguliwa, Yeremia akiwa darini, umeme ukarudi. Danieli aliwaambia waombolezaji kwamba fundi alipanda amelewa, akasahau kuzima. Kofia ilirudishwa nyumbani imekunjwa vizuri, haina hata vumbi. Elizabeti, mama yake Costancia, aliipokea, akaigeuzageuza, akasema, "Hii imetolewa kwa mkono." Aliyasema hayo mpaka watu wakachoka kumsikia.

Lakini mji ulikuwa umeshachagua neno lake, fundi mlevi, na mji ukishachagua neno, weee, nani atalifuta? Costancia alikua akiitwa mtoto wa fundi mlevi. Alichokitaka katika dunia hii kilikuwa kimoja tu: Danieli aseme, mbele ya mtu yeyote, kwamba kofia aliitoa yeye.

Haya. Kompyuta ikawaka, programu ikafunguka, ikazitafuta taa ikazikuta zote kumi na nne, na pampu ya maji pia. Costancia akabonyeza taa ya korido. Haikuwaka. Akabonyeza ya chumba namba moja, namba mbili, namba tatu. Kimya. Chini ya skrini kulikuwa na kidirisha kinachoandika kila kinachopita kwenye waya, na kwa kawaida huandika namba tupu. Safari hii kiliandika: *Wewe ni mtoto wa nani, unaamrisha watu bila salamu?*

Costancia akaisoma mara moja. Sauti ile aliijua. Akaandika, *Shikamoo, baba.*

*Marahaba, Costa,* kidirisha kikajibu, na taa ya korido ikawaka. *Mama yako hajambo?*

*Hajambo. Amekonda.*

*Mwambie ale.*

Irine, msichana wa mapokezi, alikuwa amesimama nyuma yake na rundo la mashuka. "Nani huyo?" akauliza.

"Baba."

"Ahaa," Irine akasema, akaendelea kukunja mashuka.

Mchana kutwa mambo yakaenda hivyo. Aliyeanza na shikamoo alipewa taa. Irine alimwamkia akapewa taa za vyumba vyote sita vya mbele. Fundi bomba aliyekuja kutazama pampu aliamkia, akajibiwa, akaulizwa habari za kwao, na maji yakapanda tangini. Ilipofika saa tisa mzee Danieli aliamka usingizini, akavuta kiti, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Taa za nyumba nzima zikazimika.

"Ni Yeremia huyo," akasema, bila hata kuvaa miwani. "Alikuwa na nongwa ya salamu tangu zamani. Mimi simwamkii. Ni mdogo wangu kwa umri, na humu ndani alikuwa kibarua wangu."

Kidirisha kikaandika: *Shikamoo yako siitaki. Sema nani aliitoa kofia.*

Irine akasoma kwa sauti, kwa sababu mzee hakuwa na miwani.

"Alikuwa amelewa," Danieli akasema.

"Baba hakuwahi kuonja hata togwa iliyolala ikachacha," Costancia akasema. "Sema tu, mzee. Neno moja. Ulitaka friji ipooze soda za mgeni rasmi wa ufunguzi, ukaona fundi anakuchelewesha. Sema, taa ziwake, mimi nifunge virago vyangu nisikanyage hapa tena."

"Niseme nini? Kwamba mimi ni muuaji? Mbele ya huyu mfua mashuka?"

"Mbele yake inatosha."

Danieli akamtazama kwa uso mkavu. Nje lori lilikuwa linapunguza mwendo, na saa kumi na mbili kulikuwa na wageni wa mbugani wanaokuja, watu kumi na mmoja. Aliwaza kidogo. Hakuwa mtu wa kuwaza sana, lakini akiwaza alikuwa anafika.

"Nisikilize wewe binti," akasema. "Kesho naleta mafundi kutoka Morogoro. Wanang'oa nyaya zote, kuanzia darini mpaka kwenye mita, wanatia mpya. Hizi za zamani nawapa wa chuma chakavu. Wanazichoma plastiki wapate shaba, wewe unajua wanavyofanya. Baba yako atafika mbali."

Costancia akaifunika soketi kwa kiganja.

"Au," Danieli akasema, "hiyo kompyuta inaweza kumwamkia yenyewe?"

Inaweza. Costancia alijua kwamba inaweza, na hata Danieli aliliona hilo usoni mwake. Ni kazi ya dakika tano: unaichagulia saa, unaiandikia agizo, na kila siku inalituma bila mtu kugusa kitu. Akamgeukia Irine, Irine akatazama mashuka. Costancia akaandika kwenye kidirisha, *Baba, wanataka kukung'oa. Nifanye nini?*

*Ukiniamkia nitaitikia,* Yeremia akaandika. *Sikulelewa kuiacha salamu ikining'inia hewani. Hilo na yeye analijua.*

Basi akaiandika. Aliandika huku machozi yanamtoka, tena machozi ya hasira, na akamtukana Danieli matusi ambayo hapa hatuyaandiki, Danieli akayasikiliza mpaka mwisho. Saa kumi na mbili kamili kompyuta ikatuma *Shikamoo.* Waya ukajibu *Marahaba.* Taa zote kumi na nne zikawaka kwa mpigo mmoja, na wale wageni kumi na mmoja, waliokuwa wanashusha mabegi, wakasema nyumba hii imeendelea kweli.

Nyumbani Elizabeti alimsikiliza binti yake bila kumkatiza. "Amesema nile?" akauliza.

"Amesema ule."

"Na Danieli?"

"Amekataa, mama."

Elizabeti akapakua ugali, akala kidogo kwa sababu ameambiwa ale, kisha akasukuma sahani. Akasema angependa naye akaongee na mumewe. Kesho yake akaenda, na Danieli akamwambia mlangoni kwamba mapokezi ni ya wageni.

Costancia aliruhusiwa kuja mara moja kwa mwezi, kukagua vidude. Alikuwa anafungua kidirisha na kusoma siku zilizopita: *Shikamoo, Marahaba, Shikamoo, Marahaba,* mistari sitini kwa mwezi, hakuna kingine, maana kompyuta haikufundishwa kuuliza habari za nyumbani, na Yeremia hakuwa mtu wa kuongea akiwa kazini. Taa zote zikishawaka alikuwa kazini mpaka asubuhi.

Mwezi wa tatu wa ukaguzi alikuja mapema, saa tisa kasoro mchana, taa zikiwa zimezimwa zote na baba yake yuko huru. Danieli alikuwa kwenye kochi la mapokezi na gazeti lake. Kando yake walikaa madereva wawili wakisubiri chai, watu wa Dodoma wasiomjua mtu pale. Costancia akaamkia, akaitikiwa, kisha akaigeuza skrini iwaelekee madereva, akaandika: *Baba, wapo watu hapa wanasoma. Waeleze wewe.*

*Sawa,* kidirisha kikaandika, na madereva wakasogeza viti ili waone vizuri. *Mimi naitwa Yeremia, fundi wa nyumba hii. Siku ile niliitundika kofia kama kawaida. Danieli akaja chini ya ngazi akaniuliza nitamaliza lini, nikamwambia bado nimeshika waya, asubiri. Nilimsikia anavuta kiti karibu na swichi. Nikamwita kwa jina mara mbili. Halafu Danieli ali—*

"Irine," Danieli akasema kutoka nyuma ya gazeti. "Mwamkie."

Irine akamtazama Costancia. Kwao Mvumi kulikuwa na wadogo zake wanne waliokuwa wanasoma kwa mshahara huu. Akanyoosha mkono, akabonyeza lile agizo la saa kumi na mbili.

*Shikamoo.*

*Marahaba,* Yeremia akajibu.

Taa zote kumi na nne zikawaka saa tisa mchana, jua likiwa kali nje mpaka barabarani. Madereva wakasubiri kidogo kama kuna kitakachofuata. Hakikufuata kitu. Mmoja akauliza huyu fundi alimalizia wapi habari yake, na Danieli akamwambia kwamba alikuwa mlevi, maskini, walevi ndivyo walivyo, hawamalizi. Chai ikaja.