Hazisukumani

...na bado anatabasamu, mwone anavyotabasamu, Sindano, mwenzake wa chumba, wa meza moja ya maabara, wa sufuria moja, miaka minne hadi watu wakawaita mapacha, leo kasimama mbele ya ukumbi na blauzi iliyopigwa pasi na nani? na yeye, yeye huyu aliyekaa safu ya nyuma anatafuna kifuniko cha kalamu, na Profesa anaitikia kwa kichwa, "Endelea, binti yangu," binti yangu!, wakati yeye aliposimama pale pale saa moja iliyopita kuomba nafasi ile ile, nafasi moja tu ya kusomea shahada ya uzamivu kwenye maabara hii, aliulizwa mbona herufi zako pale ukutani ndogo, basi, hilo tu, miezi mitano ya kupaka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba akitafuta gesi inavujia wapi, vidole vimechubuka, anaulizwa herufi... "Vitundu vya utando huu wa kuchujia gesi ni vyembamba kuliko unywele mara elfu kumi," sauti ya asali hiyo, chumbani hana, "haidrojeni inatangulia, naitrojeni inachelewa, kwa sababu molekuli mle ndani zinasukumana..." Zinasukumana! Kasema zinasukumana, ala, hayo ni ya bomba pana, hata wa mwaka wa kwanza anajua, na mkono wake unapanda wenyewe, mkono uliowanyamazisha wanaume wazima kwenye midahalo, na sentensi iko tayari ulimini, samahani, dada yangu, atatia na dada yangu ili iume vizuri, kwenye kitundu chembamba hivyo hazisukumani, hazipati hata kukutana, kila moja inapita peke yake ikigonga ukuta, inarudi, inagonga ukuta, iliyo nyepesi ina mbio zaidi ndiyo maana inatangulia... hazipati hata kukutana... wao wawili mara ya mwisho wamekutana lini, tangu tangazo la nafasi hiyo libandikwe ni "vipi" na "poa", huyu kalala kaelekea ukuta wake, yule wake, na Sindano amemsukuma lini hasa?, anatafuta, lazima ipo siku, anatafuta, anakosa, anakasirika kwa kukosa, maana aliyeandika "mmoja tu" kwa wino mwekundu ni mzee huyu wa binti yangu, na mashine za kupimia ziko tatu, kila moja ya kumtosha mwanafunzi wake, mbili zimefunikwa shuka tangu mwaka jana... Sindano ameuona mkono, anaujua ule mkono, tabasamu limemkauka, picha ya utando imeganda ukutani, na wivu haujaenda popote, umekaa palepale kifuani, lile kosa atamwambia wakirudi, au asimwambie, ajijue, lakini macho yameshahama, yametua kwa Profesa, na mkono bado uko juu, haya, Profesa, zile mbili zinamngoja nani?